Chora Nyumba kwa Miguu: Mwongozo kwa Anayejenga Matembwe

Kabla hujamwita fundi aje kupiga kamba za msingi, tafuta majivu debe tatu au nne. Kwetu Matembwe, mkoani Njombe, majivu hayauzwi. Kila jiko la kuni lina yake. Fyeka kiwanja, sawazisha panaposawazishika, kisha mwaga majivu kwa mstari kufuata kuta zote za nyumba unayoitaka, kwa ukubwa wake halisi, ukiacha wazi mahali pa milango. Halafu waite watu wa nyumbani mwako waishi humo kutwa nzima. Mama apite na ndoo kutoka bombani kwenda jikoni. Mgeni apige hodi, akaribishwe, apewe maji ya kunywa. Vijana wawili wabebe kitanda kutoka barabarani hadi chumbani bila kuruka mistari. Bibi aende chooni usiku, hata kama usiku wenyewe ni wa kuigiza. Jioni inama uangalie chini. Palipofutwa na nyayo, ulikuwa umepanga kuweka ukuta katikati ya njia.

Ukitaka nyumba iliyobuniwa kwa kufuata miondoko ya ngoma, hii ndiyo hatua ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote. Mwalimu wa ngoma, awe wa chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo au wa kwaya ya usharika wako, haanzi na sura ya mchezaji. Anapanga nani anatokea wapi, anapita wapi, anasimama wapi, nani anampisha nani. Sare huja mwishoni. Wajenzi wengi wanaopenda wazo hili hufanya kinyume: wanaanza na sare. Wanataka paa lililopinda, ukuta wa mawimbi, nguzo iliyojisokota.

Jengo la namna hiyo linalojulikana zaidi duniani liko Prague, Jamhuri ya Cheki, kando ya mto Vltava. Vlado Milunić na Frank Gehry ndio walioliwaza, likakamilika mwaka 1996, na likapewa jina la utani la wachezaji wawili wa filamu za Marekani, Fred Astaire na Ginger Rogers: mnara mmoja wa zege umesimama imara, mwingine wa vioo umebana kiuno na kuuegemea mwenzake. Ni kazi ya kupendeza. Pia lilijengwa liwe la ofisi, katikati ya mji, kwa fedha za kampuni ya bima, na vipande vya zege vya ukuta wake havikufanana umbo. Mpelekee fundi wa huku kwetu Lupembe picha hiyo, atakwambia inawezekana, maana fundi hakatai kazi. Wa kukataa ni wewe, siku utakapohesabu tofali zilizokatwa na kutupwa.

Kwa hiyo tuiache sura, tufuate miguu.

Uwanja kwanza

Ukipata safari ya Dar es Salaam, pita Kijiji cha Makumbusho. Tangu miaka ya 1960 zimejengwa pale nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania, msonge, banda na tembe, na vikundi vya ngoma hucheza hapohapo mbele ya wageni. Angalia wanapochezea. Hakuna anayecheza ndani. Ngoma iko uwanjani, nyumba zimekaa pembeni zikitazama. Tembe la Wahehe, majirani zetu wa kaskazini, limekwenda mbali zaidi: limeuzunguka ua mpaka likawa ukuta wake.

Basi usianze kwa kuhesabu vyumba. Anza kwa kuhesabu watu watakaokuja siku kubwa. Mchezaji mmoja kwenye duara anahitaji kama sentimita 80 za mzingo ili asimpige mwenzake kiwiko. Watu 20 wanahitaji mita 16. Gawanya kwa 3.14, unapata duara lenye kipenyo cha mita 5 na kidogo. Ongeza mita 2 kila upande kwa ajili ya wapiga ngoma, wazee waliokaa na watoto wanaojipenyeza, unafika mita 9. Chukua kigingi, funga kamba ya mita 4 na nusu, zungusha. Hilo ndilo duara la nyumba yako, na hapo ndipo patakapofungwa turubai la harusi na la msiba, na patakapoanikwa mahindi siku zisizo na sherehe.

Duara hilo lishindiliwe vizuri. Udongo wetu mwekundu ukilowa unateleza hata kwa mtu anayetembea, sembuse anayecheza. Ondoa tabaka la juu lenye majani na mizizi, mwaga moramu au changarawe, shindilia ikiwa na unyevu kidogo, na uache mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mbali na nyumba. Chimba mfereji upande wa juu wa kilima kabla ya kitu kingine chochote. Mvua za kwetu huanza Novemba zikaendelea hadi Aprili au Mei, na maji yakishajifunza njia ya kupita uwanjani kwako, kuyasahaulisha ni kazi.

Nyumba ikae upande gani wa uwanja? Hapa hali ya hewa ina kauli. Matembwe iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Juni na Julai, miezi ya baridi yetu, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, kama nyuzi 57 juu ya upeo wa macho. Desemba hupita kusini, karibu na utosi. Upepo wa baridi wa katikati ya mwaka, pamoja na ukungu wake, hutoka kusini-mashariki. Ukiyaweka haya pamoja, nyumba inajichora yenyewe kwa umbo la herufi L: mkono mrefu, wenye sebule na vyumba, ukae kusini mwa uwanja ukitazama kaskazini, mkono mfupi, wenye jiko na stoo, ukae mashariki. Kona ya L inaupa mgongo upepo. Uwanja unabaki umekingwa, na jua la baridi linaufikia karibu siku nzima, isipokuwa mapema asubuhi kivuli cha jiko kinapokuwa kirefu. Jenga jiko chini kidogo kuliko nyumba kubwa, kivuli hicho kitaondoka upesi.

Kiwanja chako kikiwa kimeinama kuelekea kaskazini, shukuru. Kikiwa kimeinama kuelekea kusini, itabidi ukate ngazi mbili kwenye ardhi, uwanja juu na nyumba chini yake, na hapo mfereji niliousema unakuwa jambo la kufa na kupona, maana maji ya uwanjani yatakuwa yanatafuta msingi wako.

Kuna mtego mmoja wa kibaraza. Siku hizi kila ramani inayoletwa kutoka mjini ina kibaraza kipana mbele, kwa sababu mjini, hasa kule Pwani, watu wanakimbia jua. Sisi tunalitafuta. Kibaraza chenye paa la mita 2 upande wa kaskazini kitalizuia kabisa jua la mchana wa Juni lisiingie chumba kilicho nyuma yake, na utakaa sebuleni na koti huku nje kunang'aa. Weka kibaraza kipana mbele ya mlango tu, au upande wa magharibi mnakokaa jioni. Mbele ya madirisha ya kaskazini paa litokeze sentimita 45 hadi 60, basi, na madirisha yenyewe yashuke chini, kizingiti kiwe sentimita 60 kutoka sakafuni, ili jua likanyage sakafu.

Kuingia na kutoka

Mganda wa pande za Ziwa Nyasa, ambako mkoa wetu wa Njombe unafika kupitia Ludewa, huchezwa kwa safu. Ni mtoto wa beni, ngoma iliyoiga gwaride la askari na ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Ukiwatazama wachezaji wa safu wanapogeuka utaona kuwa aliye ndani ya kona anapiga hatua za papo hapo, na aliye nje anatembea njia ndefu. Safu pana haiwezi kukata kona mahali pembamba. Watu wanaobeba kitu kirefu nao vivyo hivyo.

Niseme wazi kitu gani. Nyumba zetu nyingi mpya zina korido ya mita moja yenye kona, vyumba kushoto na kulia. Jeneza lina urefu wa mita 2 hivi na upana unaokaribia sentimita 70. Kwenye kona ya korido ya mita moja jeneza halikati. Lazima lisimamishwe wima au lipitishwe dirishani, na waliowahi kuona hilo likifanyika hawalisahau. Hakuna mchoraji ramani atakayekuuliza habari hii, na wewe hutaki kuitaja wakati unajenga nyumba ya furaha. Itaje. Njia kutoka kitanda cha mzee hadi uwanjani iwe imenyooka, au kona yake iwe na nafasi ya mita 1.5 kila upande. Mlango wa sebule wa kutokea uwanjani uwe wa mbao mbili, upana wa mita 1.5, ufunguke kwa nje.

Mlango huohuo ndio utakaotumika siku ya sherehe, ndugu wanapotoka kwa mstari wakicheza na zawadi vichwani kwenda kutuza. Upana wa mita 1.5 unapitisha watu wawili sambamba, mikono ikiwa inafanya kazi. Wa sentimita 80 unakata mstari, wimbo unafika nje umekatika vipande, na MC anabaki kuomba watu wasogee.

Kwa matumizi ya kila siku, mlango wa pili mdogo unatosha, na huo ndio unaohitaji akili zaidi. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar walimwingiza mgeni hatua kwa hatua: baraza, daka, kisha ndani, na kila hatua ilikuwa na watu wake wanaoruhusiwa kufika. Wao walikuwa wakilinda faragha. Wewe pamoja na faragha una matope na baridi. Jenga chumba kidogo cha kuingilia, mita 1.5 kwa 1.5, chenye mlango wa nje na mlango wa ndani usiotazamana nao. Anayeingia anafunga mmoja kabla ya kufungua wa pili. Upepo unabaki nje. Hapo weka benchi la kukalia mtu anapovua mabuti ya shamba, na misumari ya kutundika makoti. Mwili unageuka mara moja tu, robo mzunguko, na kila mgeni anajikuta ametulia kidogo kabla ya kuonekana sebuleni.

Jiko ndilo katikati

Sehemu hii naomba usiiruke.

Ukikaa na familia ya Matembwe mwezi Julai saa mbili usiku, huwezi kuwakuta sebuleni. Makochi yako peke yake na vitambaa vyake. Watu wako jikoni, wamezunguka moto, na mara nyingi jiko hilo ni kibanda cha nyuma kilichojengwa kwa mabaki ya tofali za nyumba kubwa. Tunatumia fedha nyingi kwenye chumba cha kuonyesha na kidogo kwenye chumba tunachoishi. Nyumba iliyochorwa kwa miguu haiwezi kukubali hilo, maana majivu yatakuonyesha wapi watu wanakwenda giza likiingia.

Jenga jiko la mita 4 kwa 5, lenye heshima ile ile ya sebule: sakafu nzuri, dirisha la kutazama uwanjani, na dohani ya kweli ya tofali inayotoka juu ya paa, si tundu la ukutani. Juu ya meko jenga kofia ya tofali au bati nene inayokusanya moshi kuupeleka kwenye dohani. Mdomo wa dohani upite juu ya kilele cha paa kwa nusu mita au zaidi, la sivyo upepo utaurudisha moshi ndani. Ukuta wa upande mmoja ujengewe benchi la tofali lililopinda nusu duara, kimo sentimita 45, likiuangalia moto. Familia ya watu wanane inakaa hapo bila kutafuta viti.

Sasa upande wa kazi. Wasukuma wana bugobogobo, ngoma inayochezwa na majembe mikononi. Kulima kumepewa mdundo, na mdundo umewafanya wengi walime kwa pamoja bila kugongana. Kupika nako kuna mwendo wake wa kurudiarudia, na kuna wapishi wa kila siku na wapishi wa siku ya shughuli. Mwombe mama wa nyumba asimame mahali moto utakapokuwa, anyooshe mikono. Upana wa mikono iliyonyooshwa unakaribia kulingana na kimo cha mtu mwenyewe, kwa hiyo mtu wa mita 1.6 anafikia duara la mita 1.6 bila kupiga hatua. Ndani ya duara hilo viwepo vitu vinne: moto, maji, meza ya kukatia na mahali pa kutulia sufuria ya moto. Kuni, unga na vyombo vikubwa viwe hatua moja au mbili nje yake. Kati ya moto na meza acha mita 1.2, ili mtu wa pili apite nyuma ya mpishi na sufuria bila mmoja kusema samahani. Kimo cha meza kipimwe kwake, chini kidogo ya kiwiko, wala kisikopwe kwenye ramani ya mtu mwingine.

Siku ya shughuli wapishi watakuwa kumi na masufuria hayataingia ndani. Kwa hiyo mlango wa jiko ufunguke kwenye sehemu ya nje iliyoezekwa, karibu na bomba, na kutoka hapo kuelekea uwanjani pawe na njia isiyopita sebuleni. Wali unasafiri mbali sana kwenye harusi.

Sakafu inayojibu

Wapemba wanaocheza msewe hufunga njuga miguuni, ili kila kishindo kisikike. Mguu ni chombo cha muziki, na sakafu ni nusu yake ya pili. Jamvi la saruji lina sifa zake: haliliwi na mchwa, linaoshwa, fundi yeyote analijua. Lakini halijibu, linachosha magoti, na asubuhi ya Julai ni baridi kiasi kwamba watoto wanatembea kwa ncha za vidole.

Tuko katikati ya misitu ya kupandwa. Miwati ya kiwanda cha TANWAT imekuwapo Njombe tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, na siku hizi kila mwenye ekari mbili ana misindano au milingoti. Ni ajabu kwamba mbao zetu zinapakiwa kwenye malori kupitia Makambako kwenda kujenga nyumba za wengine, na sisi tunakanyaga saruji iliyokuja kwa barabara hiyohiyo. Chumba kimoja angalau, sebule ikiwezekana, kiwe na sakafu ya mbao iliyoinuliwa. Tumia mbao za mbili kwa nne zilizosimamishwa kwa ubavu, umbali wa sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine, juu ya kuta fupi za tofali, na juu yake mbao za inchi moja zilizorandwa. Chini acha nafasi ya sentimita 40 na matundu ya hewa yenye wavu pande zote. Mbao ziwe zimekaushwa na kutiwa dawa. Sindano mbichi ikipigwa misumari leo, miezi sita baadaye ina nyufa za kupitisha sarafu, na isiyo na dawa ni karamu ya mchwa. Hapo hakuna njia ya mkato ninayoijua.

Tofauti ya sakafu mbili, ya mbao na ya saruji, iwe ngazi moja au iwe sawa kabisa. Usiache kile kinundu cha sentimita tatu kinachomkwaza kila mgeni. Na kwa habari ya ngazi: kwenye ardhi yetu ya vilima huwezi kuzikwepa, basi zote zilingane. Kimo sentimita 16, upana wa kukanyaga sentimita 30, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Mguu unajifunza mdundo kwa ngazi mbili tu na kuanzia ya tatu unakwenda bila macho. Fundi akikosea hesabu akamalizia na ngazi ya juu yenye sentimita 22, hapo ndipo watu wataanguka, hasa anayeshuka na chombo mikononi. Mwambie abomoe.

Duara lisiwe la kuta

Utashawishika kujenga chumba cha duara. Wazo lina mvuto na historia. Msonge wa Wahaya ni moja ya nyumba nzuri kabisa zilizowahi kujengwa nchini. Lakini msonge ulisukwa kwa fito na kuezekwa kwa nyasi kutoka juu hadi chini, vifaa vinavyokubali kupinda. Wewe una tofali za kuchoma zenye pembe nne na bati lililonyooka. Ukuta wa duara unaacha mapengo ya saruji kwa nje, paa lake linakula bati kwa kukata pembetatu, na kabati halikai ukutani. Gharama yote hiyo inakupa umbo ambalo anayecheza ndani yake halihitaji, kwa kuwa duara la ngoma linaundwa na watu.

Ukilitaka sana, litie mahali lisipokugharimu: benchi la jikoni, ukuta mfupi wa kukalia kuzunguka sehemu ya uwanja, mstari wa mawe sakafuni. Kona ya ndani ya L, pale watu wanapopinda kutoka jikoni kwenda sebuleni, unaweza kuikata kwa mshazari. Huko kunaitwa kuokoa mabega.

Juu ya paa nina maneno machache. Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, alilisimamisha soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 kwa nguzo zinazotanuka juu mfano wa miavuli, zikibeba paa na kukusanya maji ya mvua kwa wakati mmoja. Kule kunyoosha mikono kuna kazi. Pima kila pindo la paa lako kwa kipimo hicho: linafanya nini? Kwa nyumba ya Matembwe, paa la migongo miwili lenye mwinamo wa nyuzi 20 hadi 25 linatosha, bati la geji 28 badala ya 30 ukiweza, kwa kuwa namba ndogo ndiyo nene, na mfereji wa bati upande mmoja unaopeleka maji kwenye tangi karibu na jiko. Weka silingi bodi. Bila silingi, mvua ikipiga hamtasikia wimbo wala hotuba, na joto lote la jiko litaondoka.

Kiwanja kikiwa mteremko mkali

Kuna viwanja huku ambavyo kukata mita 9 za usawa ni kuhamisha kilima. Kwa hivyo, jifunze kwa Lawrence Halprin. Alikuwa msanifu wa bustani na viwanja huko California, Marekani, na mkewe Anna alikuwa mchezaji ngoma. Miaka ya 1950 alimjengea jukwaa la mbao kwenye mteremko chini ya nyumba yao, kando ya Mlima Tamalpais, likiwa limepindapinda kuipisha miti iliyokuwapo. Baadaye alibuni namna yake ya kuandika miondoko ya watu kwenye karatasi ili aitumie kupanga viwanja vya miji. Jukwaa lilikuwa la mbao na nguzo, juu ya ardhi isiyochimbwa. Sisi tuna mteremko, mbao na nguzo za milingoti iliyotiwa dawa, zilezile zinazobeba nyaya za umeme. Jukwaa la mita 6 kwa 6 lililounganishwa na mlango wa sebule, usawa mmoja na sakafu, litakupa uwanja ambao mvua haiugeuzi tope. Weka kingo ya kimo cha mita 1 upande wa bondeni. Usisahau taa, umeme wa maji umekuwapo Matembwe tangu kabla vijiji vingi vya nchi hii havijaota nguzo, na sherehe zetu haziishi saa kumi na mbili.

Kutoka majivu hadi karatasi

Ukishamaliza siku ya majivu, usiamini kumbukumbu. Pima kila mstari siku hiyohiyo, uandike kwenye daftari la hesabu lenye miraba, mraba mmoja kwa nusu mita. Rudia zoezi kwa mistari iliyorekebishwa, safari hii ukialika watu wa nje: wanakwaya wachache, jirani mwenye watoto wengi, mzee anayetembea na mkongojo. Waombe waimbe na kucheza kutoka jikoni hadi uwanjani. Mzee ndiye mwalimu wako mkuu, kwa sababu vijana wanaweza kucheza hata kwenye nyumba mbaya.

Daftari hilo mpelekee msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, au fundi mchundo anayeaminika kama nyumba ni ndogo, na uulize halmashauri kuhusu kibali kabla ya kuchimba. Mwambie mchoraji vipimo vitatu visivyoguswa: upana wa mlango wa uwanjani, nafasi ya kona ya korido, na ukubwa wa jiko. Vingine mjadiliane. Akikurudishia ramani nzuri yenye jiko la mita 2 kwa 3, irudishe.

Siku ya kupiga kamba simama na fundi. Kona ya L lazima iwe mraba kamili: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari kati yake usome mita 5. Ukisoma zaidi au pungufu, kamba zisogezwe kabla jembe halijagusa ardhi.

Ratiba iende kinyumenyume kutoka mvua. Kuta zilizojengwa kwa tope zikinyeshewa bila paa zinavimba na kuanza kuchuruzika kwenye viungo, na duara la uwanja likishindiliwa kwenye maji linabaki bonde. Kupaua kuwe kumekwisha mwishoni mwa Oktoba. Kwa hiyo kuta zikamilike Septemba, msingi uanze Juni, na mbao za kenchi na za sakafu ziwe zimepasuliwa na kupangwa kivulini tangu Machi, zikiwa na vipande vya kutenganisha kila safu ili hewa ipite. Ukichelewa kupasua mbao, ahirisha ujenzi mwaka mzima.